‘Hiyo ni sensa tu, usijali’: Taa ndogo iliyotukwamisha Kyumvi

Siku binamu yangu aliponunua Porsche Boxster, taa ya manjano ilikuwa tayari inawaka kwenye dashibodi. Umbo lake unalijua hata kama hujui jina: kama sufuria iliyokatwa katikati, ndani yake alama ya mshangao. Aliyekuwa akiuza alicheka, akalipiga usukani kofi la upole.

“Hiyo ni sensa tu, usijali. Hizi gari za majuu hulalamika sana.”

Hatukujali. Gari la mwaka wa 2008, rangi ya fedha, paa linafunguka kwa kubonyeza kitufe, injini inanguruma nyuma ya mgongo wako. Nani angebabaishwa na picha ya sufuria? Tulipita nalo mbele ya Kenyatta Stadium, tukazunguka People’s Park, vijana wa boda wakatupigia honi. Machakos ni mji wa Probox na pikipiki. Gari la watu wawili lisiloweza kubeba hata gunia moja la maembe ni kioja.

Taa ikawaka miezi minane.

Kisha Ijumaa moja usiku tulikuwa tukirudi kutoka Nairobi. Tumepita Athi River, tumepita Lukenya, tunakaribia Kyumvi, pale wengi wanapaita Machakos Junction. Nyuma ya gari ikaanza kuyumba kidogo kidogo, kama mlevi anayetafuta ukuta. Binamu alidhani ni upepo wa trela lililotupita. Akashika usukani vizuri, akaendelea. Dakika mbili hivi baadaye tukasikia mlipuko, halafu kelele ya rimu ikikwaruza lami.

Mungu ni mkubwa, nyuma yetu hapakuwa na gari karibu. Binamu hakukanyaga breki kwa fujo. Aliachilia mafuta, akaliacha gari lipungue lenyewe hadi kando ya barabara. Tukaweka zile pembe tatu za onyo, tukasimama kwenye nyasi mbali kabisa na lami. Kama hujawahi kusimama kando ya Mombasa Road usiku, trela zikipita moja baada ya nyingine, ardhi inatetemeka hadi kwenye meno.

Boxster yetu haina gurudumu la akiba. Lilikuja na chupa ya dawa ya pancha na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Tulimimina dawa, tukawasha kompresa, upepo ukaingia huku ukitokea kule. Ubavu wa tairi ulikuwa umechanika kiasi cha kuingiza mkono. Tulingoja lori la kuvuta magari hadi saa nane usiku.

Kesho yake fundi wa magurudumu pale mjini, mzee mwenye maneno machache, alilivua lile tairi akaligeuza ndani nje. Akatuonyesha unga mweusi uliojaa ndani na alama ya mkwaruzo iliyozunguka ubavu mzima.

“Hii haikupasuka jana,” akasema. “Jana ilimalizika tu. Imekuwa ikitoka pole pole, wewe unaendesha, ubavu unajikunja, unachemka, unakatika. Gari haikukuambia?”

Ilituambia, mzee. Miezi minane.

Tena si kweli kabisa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Gari lilikuwa limetuambia jambo jingine: kwamba haliwezi tena kupima upepo. Kwa hivyo usiku ule upepo ulipoanza kwisha kweli, hapakuwa na taa nyingine ya kuwaka. Ilikuwa imeshawaka.

Ngoja nieleze, kwa sababu niligundua watu wengi, hata mafundi wengine, wanachanganya haya mambo.

Ndani ya kila gurudumu la gari kama hili, mahali valvu inapoingilia kwenye rimu, kuna kidude kidogo cha plastiki. Hiyo ndiyo sensa (si ile ya kuhesabu watu). Inapima presha ya upepo na joto, kisha inatuma habari kwa redio hadi kwenye kompyuta ya gari. Ndani yake mna betri ndogo iliyofungiwa kabisa. Huwezi kuifungua ukabadilisha kama ya saa. Betri hiyo huishi miaka mitano hadi kumi hivi, inategemea gari linatembea kiasi gani, maana sensa hulala gari likisimama. Ikifa, unabadilisha sensa nzima.

Sasa piga hesabu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Gari la michezo linalouzwa kwa bei ambayo kijana anaweza kuota, basi, limeshapita mikono miwili au mitatu hapa nchini na lina miaka kumi na zaidi. Kama sensa zake ni zile lilizotoka nazo kiwandani, zimekufa au ziko kitandani zikingoja. Si ugonjwa wa gari la Ulaya. Ni betri tu.

Mambo haya yalianzia kwenye magari ya matajiri. Porsche 959 ya 1986 ndiyo hutajwa kuwa gari la kwanza kuuzwa likiwa na mfumo wa kuchunguza upepo wa magurudumu. Ila kilichoyafikisha kwa watu wa kawaida ni vifo. Mwaka wa 2000 kampuni ya Firestone ilirudisha matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya matairi kubambuka barabarani na magari kupinduka. Zaidi ya watu 200 walikuwa wamekufa. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka huo huo, na kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa kule ni lazima liwe na mfumo huu. Ulaya ikafuata, magari yote mapya yakabanwa kuanzia Novemba 2014. Japani haikulazimisha. Ndiyo maana jirani yako mwenye Subaru au Mark X iliyotoka Japani huenda hajawahi kuiona hiyo sufuria maishani.

Kwa sheria ya Marekani, taa inapaswa kuwaka upepo ukipungua kwa robo. Kwenye tairi lenye ubavu mfupi kama ya gari la michezo, upepo ukipungua robo huoni kitu kwa macho. Unaweza kulipiga teke asubuhi, ukasema “iko fiti,” ukapanda.

Na jinsi taa inavyowaka ina maana yake. Kwenye magari mengi, ikiwaka tu na kutulia, maana yake ni upepo mdogo: simama, pima. Ikimetameta kama dakika moja unapowasha gari kisha ikatulia, mfumo wenyewe ni mgonjwa, pengine sensa imekufa. Kwetu kulikuwa na dalili nyingine tuliyoidharau: kwenye skrini ndogo ambapo gari huonyesha presha ya kila gurudumu, mahali pa nambari palikuwa na vistari. Tulidhani ni urembo.

Basi tukaamua kununua sensa. Hapo ndipo tuliposhikwa mara ya pili.

Binamu aliingia mtandaoni, akapata sensa nne “za Porsche” kutoka Marekani kwa bei ya kutupa. Tulingoja wiki tatu. Zikaja, nzuri, zimefungwa vizuri. Tukampelekea fundi mwingine, kijana mwenye kile kifaa kama tabuleti chenye mpira pembeni. Alikisogeza karibu na sensa ya kwanza ikiwa bado mezani, akaangalia skrini, akacheka.

“Boss, hii inaongea Kimarekani. Gari yako ni ya wapi?”

Gari letu lilitoka Uingereza. Hata kipimo chake cha mwendo kinahesabu maili. Sensa za Ulaya hutumia mawimbi ya 433 MHz. Za Marekani na Japani, mara nyingi ni 315. Zinafanana kama mapacha, zinaingia kwenye rimu bila tatizo, ila ukishazifunga gari halitasikia hata neno moja. Ni kama mtu anayeongea redio ya chaneli hii na wewe umefungua chaneli ile. Nambari ilikuwa imeandikwa kwenye pakiti. Hakuna aliyeisoma.

Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, jua gari lako lilitengenezwa kwa soko gani, kisha soma nambari kwenye sensa ya zamani ikishatolewa. Ama nunua zile za kuprogramu, ambazo nyingine hubeba 315 na 433 zote mbili na fundi huzipangia gari lako kwa kile kifaa chake. Mwishowe ndizo tulizonunua, Nairobi. Si bei rahisi kwa nne, lakini ni chini ya bei ya tairi moja la nyuma la gari hilo. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi tangu Kyumvi.

Fundi pia alitushauri jambo lililoonekana kama ujanja wa biashara. Badilisha zote nne. Zilizaliwa siku moja, zitakufa karibu msimu mmoja. Kila mara unapobadilisha moja utalipa kuvua tairi, kurudisha na kupiga balansi. Nilimbishia, kisha kile kifaa chake kikaonyesha kuwa kati ya zile za zamani, tatu zilikuwa kimya na ya nne betri yake ilikuwa imeandikwa “chini”. Nikanyamaza.

Kuhusu kazi yenyewe, nilisimama pale nikaangalia mwanzo hadi mwisho, na nakushauri ufanye hivyo. Sensa nyingi huuawa na mafundi wa pancha. Wanaposukuma ubavu wa tairi ili uachane na rimu, au wanapochomeka chuma cha kung’olea, kikianguka karibu na valvu kinavunja ile plastiki. Fundi anayejua huanza upande ulio mbali na valvu. Mwambie mapema, kwa heshima: “Fundi, kuna sensa ndani.” Akikuangalia kama hajaelewa, chukua gari lako uende.

Kwenye gurudumu lililotuangusha tulikuta sensa imefunikwa na uji mzito. Ile dawa ya pancha. Hata kama ingekuwa hai, tundu lake la kupimia lilikuwa limezibwa. Simaanishi usitumie dawa ukiwa umekwama usiku, ilimradi ukifika ujue rimu inahitaji kuoshwa na sensa kuangaliwa.

Sensa mpya huja na raba, nati na kiini cha valvu. Raba hiyo ndiyo inayozuia upepo usitoke pale valvu inapopita kwenye rimu. Nati hukazwa taratibu, kwa kipimo. Ukikaza kama nati za gurudumu unaipasua. Na vifuniko vya valvu visiwe vile vya chuma vya kumetameta vinavyouzwa kando ya barabara. Kwenye valvu ya alumini, chuma kisicholingana huanza kutu, kifuniko kikashika, ukikizungusha kwa koleo valvu yote inakatika. Plastiki nyeusi ya bei ya chini ndiyo mwafaka. Haina swagi, lakini inafunguka.

Kisha kuna lile neno ambalo kila mtu analitaka: kuriseti. Watu wanadhani ukiriseti taa inazima na shida imeisha. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe kuna mifumo miwili, na kosa la huku si kosa la kule.

Jamaa mmoja tunayekutana naye kwenye misafara ya magari ana BMW Z4 ya zamani. Alitaka kununua sensa kama zetu. Yule kijana wa tabuleti alimzuia, akamwonyesha kitufe kilichokuwa ndani ya gari lake muda wote. Magari mengi ya BMW ya miaka hiyo yaliyouzwa nje ya Marekani hayana sensa ndani ya magurudumu. Hutumia vipimo vya mwendo vya breki za ABS. Gurudumu lililopungukiwa na upepo huwa dogo kidogo, kwa hivyo huzunguka haraka kuliko wenzake, na gari hugundua. Kwa gari kama hilo unajaza upepo sawasawa, unabonyeza kitufe, unaendesha, gari linakariri. Ukibonyeza kabla ya kujaza, umelifundisha kuwa tairi goigoi ndilo la kawaida. Taa itazima, wewe utafurahi, na hutaonywa. Na magurudumu yote manne yakipungua kwa pamoja, mfumo rahisi wa aina hiyo unaweza usione kitu, maana yote yanazunguka sawa.

Kwetu wenye sensa halisi, kila sensa ina nambari yake ya utambulisho, na gari lazima lizijue zile nne. Magari mengine yanahitaji fundi achomeke kifaa chake chini ya usukani na kuandika nambari hizo. Boxster hujifunza lenyewe: unachagua aina ya matairi kwenye menyu, kisha unaliendesha kwa mwendo unaozidi kilomita 25 kwa saa kwa dakika kadhaa hadi lizisikie zote.

Lakini kwanza upepo wenyewe. Tulipita kituo cha mafuta, mhudumu akashika bomba akauliza, “Thelathini na mbili kote?” Hilo ndilo jibu la Kenya nzima. Stika ya gari letu inataka takriban psi 29 mbele na 36 nyuma, kwa sababu ya uzito wa injini. Thelathini na mbili kote ni makosa manne kwa mpigo mmoja. Skrini nayo ilikuwa ikisoma kwa bar, ambapo bar moja ni psi 14.5, kwa hivyo 36 yake ni kama 2.5. Tafuta stika yako, mara nyingi iko kwenye fremu ya mlango, uipige picha ikae kwenye simu.

Na upime asubuhi gari likiwa baridi. Joto likipanda nyuzi tano au sita, presha hupanda kama psi moja. Ndiyo maana Julai, baridi ya Machakos ikiuma, taa inaweza kuwaka alfajiri na kuzima ukifika Mlolongo. Kuna na jambo ambalo sikulijua hadi nilipopiga hesabu: Machakos iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukijaza hapa ukashuka Mombasa, hewa ya nje kule ni nzito zaidi, na geji itasoma kama psi mbili na nusu chini ya ulivyoacha, hata kama hakuna upepo uliotoka. Joto la pwani litarudisha sehemu. Pima tena ukifika, ukiamka, kabla ya kwenda ufuoni.

Wenzangu wa Subaru, najua mnauliza. Zipo zile sensa za kufunga nje, mahali pa kifuniko cha valvu, zenye kiskrini kidogo cha jua cha kuweka kwenye dashibodi. Zinafanya kazi, na kwa tairi linalovuja pole pole zinatosha kukuokoa. Shida ni mbili. Zinaning’inia kwenye valvu ya mpira na kuichosha, na mtu yeyote anaweza kuzifungua kwa vidole ukiwa umeegesha mahali. Ukizinunua, badilisha valvu ziwe za chuma, na ukitoka dukani angalia kama bado ziko nne. Kama huwezi, geji ya mkononi inayokaa kwenye droo ya gari haiibiwi na haina betri ya kufa. Mimi nimenunua moja.

Jumapili tukaamua safari ya kulifunza gari iwe Kituluni, kama kilomita 12 hivi kutoka mjini. Ndiyo, pale pale watu huweka gari nyutro wakaona likipanda mlima lenyewe. Macho yanadanganywa na umbo la vilima. Barabara inashuka ila inaonekana kupanda. Binamu alitaka kurekodi video Boxster ikipanda bila injini. Nilimkumbusha kuwa kwa mwendo ule wa kobe gari halitajifunza kitu, lazima tukimbie kwanza. Maili 15 kwa saa na zaidi, nikampigia hesabu, kwa ajili ya kile kipimo chake cha Kiingereza.

Tukatoka mjini. Vistari vinne kwenye skrini. Binamu ameongeza muziki, paa liko wazi, mimi siondoi macho pale. Kwenye mteremko wa kwanza sufuria ikazima. Mara ya kwanza tangu tulijue hilo gari, dashibodi ilikuwa nyeusi tii. Kisha nambari zikaanza kuingia moja moja: 2.0 mbele kulia, 2.0 mbele kushoto, 2.5 nyuma kulia.

Ya nne ilichelewa. Ikaja: 2.2, nyuma kushoto. Lile gurudumu la Kyumvi, tairi mpya, sensa mpya, limejazwa saa moja iliyopita. Na sufuria ikarudi.

Binamu alizima muziki. Hakuna aliyetaja sensa wala kulalamika kwa gari. Aligeuza pale pale, mwendo wa pole, hadi kwa yule mzee wa magurudumu, ambaye alichovya kitambaa kwenye maji ya sabuni akakikamulia kwenye valvu. Viputo vidogo vikatoka kwenye raba, kama mate ya mtoto.

“Haikukaa vizuri,” mzee akasema, tayari ananyoosha mkono achukue jeki.